Treni za Elfu 39: Mbona Wasee Wameanza Kujijengea Tena?

Cheki hii. Injini moja ya treni ndogo ya mezani, yenye taa na sauti, inaweza kumtoka msee wa Marekani dola 300. Hiyo ni karibu Sh39,000. Na bado hajanunua reli, mabehewa wala stesheni!

Usidhani ni toi za watoto. Hii ni hobi ya watu wazima. Wengi hutumia kipimo cha HO, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 87. Behewa la mita 15 linakuwa sentimita 17 hivi.

Kitambo ulikuwa unajijengea, utake usitake. Kampuni ya Athearn ya California iliuza behewa likiwa vipande ndani ya boksi la bluu, unashika bisibisi na jioni moja umemaliza. Wakali wenyewe walienda mbali zaidi. John Allen wa Monterey, California, alijenga milima kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Alifariki Januari 1973 na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo. Noma sana.

Halafu kazi ikahamia China. Hornby ya Uingereza ilipeleka utengenezaji huko miaka ya 1990, na haikuwa peke yake. Sasa unafungua boksi, unaweka kwa reli, basi. Na tusidanganyane, hizo injini ni safi kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa mkono. Shida ni doo, tena siku hizi kampuni nyingi hutangaza injini, zinakusanya oda, zinatengeneza mzigo mmoja na kufunga. Ukichelewa imekula kwako. Halafu ukishanunua kila kitu, jioni utafanya nini? Utakaa ukiangalia treni ikizunguka?

Ndiyo maana wasee wamerudi kwa gundi na kadibodi. Tena vifaa vimekuwa rahisi. Unajua ile raketi ya umeme ya kuua mbu? Wanaifungua, wanaunganisha waya na kichujio cha chai, wanamwaga nyuzi fupi za nailoni juu ya gundi. Umeme unazisimamisha wima kama nyasi za ukweli. Wengine wanaendesha treni kwa kadi ndogo ya Arduino na programu ya bure ya DCC-EX. Kuna pia printa za 3D, na hapo ndipo ubishi huanza: hiyo ni kujenga kweli? Kwangu, kama umechora mwenyewe, umejenga. Kama umedaunlodi tu ukabonyeza, hiyo bado ni shopping.

Kwetu hobi hii ina kibarua chake. Tuseme unataka Garratt za 59, zile injini kubwa za mvuke zilizoundwa na Beyer Peacock ya Manchester na kuvuta mizigo kutoka Mombasa. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Gawa kwa 87 upate milimita 11.5, na reli ya kawaida ya HO ni 16.5. Haiingiani! Itabidi utafute reli ya milimita 12, mota mbili ndogo, na mwili ujikatie mwenyewe.

Vipimo navyo si shida. Mount Gelai, namba 5918, imesimama pale Railway Museum, Nairobi. Beba tepu na simu yenye chaji.