Kasi Iliyoandikwa Kwenye RAM na Masharti ya Kuifikia

Kwenye lebo ya RAM, yaani kumbukumbu ambamo kompyuta huiweka data inayofanyiwa kazi kwa wakati huo, huandikwa maneno kama vile DDR4-3600, na wanunuzi wengi huichukulia tarakimu hiyo kuwa sifa ya kifaa chenyewe, sawa na ukubwa wake wa gigabaiti 8 au 16. Ukubwa ni sifa ya kifaa kweli, lakini kasi ni makubaliano baina ya vitu vitatu: chipu zilizobandikwa kwenye kibao cha RAM, kidhibiti kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa, na ubao mama unaoviunganisha; kimoja kikishindwa kutimiza sehemu yake, kasi hiyo ama haipatikani ama hupatikana pamoja na makosa. Kwa kutolijua hilo, wako watu wanaotumia RAM iliyo chini ya kiwango walicholipia, na wako wengine wanaovumilia kompyuta inayoganda na kujizima ovyo huku wakilaumu virusi.

Tarakimu ya 3600 huhesabu mamilioni ya safari za data kwa sekunde katika kila waya, wala si megahezi, ingawa wauzaji huiandika hivyo mara nyingi. Teknolojia ya DDR husafirisha data mara 2 katika kila pigo la saa ya umeme, mara moja pigo linapopanda na mara moja linaposhuka, kwa hiyo saa ya RAM hiyo hupiga kwa megahezi 1800 tu, na mtu anayeiona 1800 katika programu ya kukagua kompyuta hajatapeliwa.

Anayeona 1066 au 1333, hata hivyo, ana jambo la kushughulikia. Kila kibao cha RAM hubeba chipu ndogo inayohifadhi maelezo yake, na miongoni mwa maelezo hayo zimo kasi zilizowekwa na JEDEC, jumuiya ya watengenezaji inayosanifu viwango vya kumbukumbu, ambayo ilitoa kiwango cha DDR4 mwaka 2012 kikiwa na umeme wa volti 1.2 na kasi za kawaida zisizozidi 3200. Kasi iliyo juu ya hapo ni ahadi ya mtengenezaji wa kibao, iliyoandikwa katika sehemu ya pili ya maelezo hayo, ambayo kampuni ya Intel iliipa jina la XMP mwaka 2007, na ambayo AMD iliitolea mfano wake uitwao EXPO mwaka 2022 kwa ajili ya DDR5, kizazi kilichofuata DDR4. Kompyuta inapowashwa kwa mara ya kwanza, BIOS, yaani programu ya msingi inayoviamsha vifaa vyote, huchagua kasi salama ya JEDEC, na RAM ya 3600 huendeshwa kwa 2133 au 2666 miaka nenda miaka rudi mpaka mwenyewe aingie katika BIOS na kuwasha XMP.

Kuwasha XMP ni hatua moja, lakini hatua hiyo huitoa prosesa nje ya kiwango ilichohakikishiwa na mtengenezaji wake. Mfano ulio wazi ni prosesa za Ryzen 7000, ambazo AMD huzihakikishia kasi ya DDR5-5200 pale ubao mama unapokuwa na vibao 2, na 3600 tu pale vinapokuwa 4. Mtu anayenunua vibao 4 vya 6000 kwa prosesa hiyo hajanunua RAM mbovu. Amekitaka kidhibiti kumbukumbu kifanye kazi ambayo hakuna aliyeahidi kwamba kitaiweza.

Sababu ya ugumu huo iko katika maumbile ya kumbukumbu yenyewe. Aina ya RAM inayotumika leo ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968, na ndani yake kila biti, yaani kila 0 au 1, huwekwa kama chaji ya umeme katika kapasita ndogo mno inayolindwa na transista moja. Kapasita hiyo huvuja kama mtungi wenye ufa, hivyo katika DDR4 ni lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64, na chipu ikizidi joto la nyuzi 85 muda huo hupunguzwa kuwa nusu. Kuisoma chaji hiyo huhitaji subira, na subira huhesabiwa kwa mapigo ya saa: katika tarakimu kama 18-22-22-42 zinazofuata kasi kwenye lebo, ile ya kwanza, iitwayo CL, ni idadi ya mapigo baina ya kuomba data na kuipata. Inafaa kuzisoma tarakimu hizo pamoja na kasi, maana RAM ya 3200 yenye CL16 na ile ya 3600 yenye CL18 zote hujibu baada ya nanosekunde 10.

Ugumu mwingine uko njiani. Katika kasi ya 3600 kila biti hupewa nanosekunde 0.28, muda ambao hata mwanga wenyewe hausafiri sentimita 9, nao umeme ndani ya ubao mama huenda polepole kuliko mwanga. Urefu wa waya na mwangwi wa umeme unaorudi kutoka kwenye nafasi iliyoachwa tupu hutosha kuifanya 1 isomeke kama 0. Ndiyo maana katika mbao mama nyingi zenye nafasi 4, vibao 2 hupaswa kuwekwa katika nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, ili mwisho wa waya usibaki wazi. Ndiyo maana pia kompyuta ya DDR5 inapowashwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi, kwa kuwa BIOS inapima ucheleweshaji wa kila waya. Kuizima katikati ya upimaji huo kwa hofu kwamba imeharibika ni kuilazimisha kuanza upya.

Vibao vinavyouzwa katika pakiti moja vimejaribiwa pamoja kiwandani, ilhali vibao 2 vyenye jina moja vilivyonunuliwa nyakati tofauti vinaweza kubeba chipu tofauti kabisa. Mazoea ya kuongeza kibao kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana, ambayo ni ya kawaida kwa Afrika Mashariki, hayana madhara makubwa katika kasi za JEDEC, kwa kuwa vibao vyote hufuata kilicho polepole zaidi, lakini huwa chanzo cha makosa pale XMP inapowashwa. Hata hivyo, mwenye kibao kimoja tu atafaidika zaidi kwa kuongeza cha pili kuliko kwa kukimbilia kasi, maana kibao cha pili hufungua njia ya pili ya data kuelekea kwenye prosesa: RAM ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde katika njia moja, na gigabaiti 51.2 katika njia mbili.

Kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba RAM iko imara. Utafiti uliofanywa katika seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 uligundua kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vibao vilipata kosa angalau moja kwa mwaka, na seva hizo zilikuwa na ECC, yaani utaratibu wa kutambua makosa na kuyasahihisha, ambao kompyuta nyingi za nyumbani hazina. DDR5 husahihisha makosa ndani ya chipu zake, lakini hailindi data iliyo njiani kuelekea kwenye prosesa. Bila ulinzi huo, biti moja iliyogeuka inaweza kuingia katika picha au hesabu za biashara na kuhifadhiwa hivyo hivyo bila onyo lolote.

Kwa hiyo kipimo ni cha lazima. Baada ya kuweka toleo jipya la BIOS na kuwasha XMP, programu ya Memtest86, iliyoanza kutumika mwaka 1994 na inayoendeshwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows kuamka, iachwe ifanye kazi usiku kucha. Makosa yakitokea, kila kibao kipimwe peke yake, kisha kasi ishushwe ngazi moja moja, kutoka 3600 hadi 3466 na hadi 3200. Kuongeza volti kuwe jambo la mwisho: mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 kuungua, AMD ililazimika kuweka kikomo cha volti 1.3 kwa umeme unaolisha sehemu yenye kidhibiti kumbukumbu. Kibao kinachokosea kikiwa peke yake katika kasi ya JEDEC ni kibovu na kirudishwe dukani; kinachokosea katika 3600 na kunyamaza katika 3200 kiachwe katika 3200, kwa kuwa kosa moja tu linatosha kuikataa kasi hiyo ya juu.