Anayetuletea Elimu ya Maradhi Naye Ahitaji Kulindwa

Papy Mumbere Mahamba hakuwa mwanasiasa wala askari. Alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, mkoani Ituri, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwaelimisha wasikilizaji namna ya kujikinga na Ebola. Tarehe 2 Novemba 2019 alivamiwa nyumbani kwake akauawa, mkewe akajeruhiwa, na nyumba yao ikachomwa moto. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 19 Aprili, Dakta Richard Mouzoko kutoka Kamerun, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya hospitali mjini Butembo.

Mlipuko huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haukumalizika ila tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walifariki. Katika muda huo vituo vya afya na wahudumu wake walishambuliwa mara nyingi mno. Mwishoni mwa Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likalazimika kusimamisha kazi huko. Katika miezi iliyofuata maambukizi yalipanda. Si ajabu, kwani timu ikishindwa kuingia mtaani, aliyekaa na mgonjwa hafuatiliwi, hachanjwi, na akiugua hubaki nyumbani na wanawe.

Chuki ilitoka wapi?

Ni wepesi kusema kwamba watu wale walikuwa wajinga, lakini kusema hivyo si uadilifu. Wakazi wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na makundi ya waasi tangu mwaka 2014. Wakauliza: mbona ulimwengu haukuja wakati ule, na leo umekuja na misururu ya magari kwa ajili ya ugonjwa mmoja? Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kesho yake waandamanaji walikivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Palipo na majeraha kama hayo, uvumi hupata rutuba. Ikasemwa kwamba Ebola ni biashara, na kwamba maiti huibiwa viungo.

Kuijua sababu ya hasira si kuihalalisha damu. Raia ana haki ya kumhoji daktari, kuikataa hoja yake na kudai ushahidi. Hana haki ya kumtishia, kumchomea nyumba wala kuwaandama watoto wake. Mpaka baina ya mambo haya mawili hauna budi kulindwa na kila mwenye sauti katika jamii.

Yaliyojenga imani

Silaha peke yake hazikuleta utulivu, na mara nyingine ziliongeza shaka. Kilichosaidia ni kuondoa usiri. Mjini Beni, baadhi ya wagonjwa waliwekwa katika vyumba vyenye kuta angavu, jamaa wakawaona na kuzungumza nao bila ya kuambukizwa. Waliopona, ambao miili yao ilikwisha kupata kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mwanamke wa mtaani aliyepona aliaminika kuliko tangazo lolote.

Na katikati ya hatari hiyo utafiti uliendelea. Chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, majaribio ya dawa nne yalianza Novemba 2018. Agosti 2019 ilibainika kwamba mbili kati yake zaokoa maisha zaidi ya nyingine. Moja ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Laiti wauguzi wangalikimbia wote, elimu hiyo isingalipatikana.

Wajibu wa kila mmoja

Serikali ina wajibu wa kuvichunguza vitisho mapema, kabla havijawa mazishi. Mwajiri anayemtuma mtafiti au mchanjaji kijijini ampe usafiri salama, amlipe kwa wakati, na asiitupe familia yake linapotokea la kutokea. Kituo cha redio kisimwachie mtangazaji mmoja mzigo wa kutaja habari zisizopendwa. Zikisomwa na wengi kwa zamu, adui hapati mtu mmoja wa kumlenga. Wataalamu nao waseme kwa lugha ya wenyeji, na wasione haya kukiri wasilolijua.

Nasi majumbani tuna sehemu yetu. Uvumi haupati nguvu ila kwa ndimi zinazoubeba. Kabla ya kumpelekea mwenzio ujumbe unaomtuhumu daktari au mtafiti, uliza nani kausema na ushahidi wake uko wapi. Ukikosa jibu, ukomee kwako. Muuguzi akirudi kutoka kazini wakati wa mlipuko, mjulie hali, na umuulize mkewe au mumewe wanahitaji nini. Watoto tuwakanye wasimtenge mwenzao shuleni kwa sababu mama yake huhudumia wagonjwa. Mama huyo akiacha kazi kwa hofu ya majirani, siku tutakapougua sisi hatutamkuta kituoni.