Fimbo na Rili ya Kuvulia Mtoni: Tununue kwa Akili, Si kwa Macho

Tukisoma Injili tumezoea kuwaona mitume na nyavu zao. Lakini katika Mathayo sura ya 17 Petro anatumwa ziwani na ndoano tu, na samaki wa kwanza anatosha kulipa kodi ya watu wawili. Kwa hivyo ndoano si chombo cha kudharau. Kwa familia inayokaa karibu na mto, samaki wawili watatu kwa wiki ni kitoweo kizuri cha watoto.

Vikundi kadhaa vimetaka kujua kuhusu fimbo za kisasa zenye rili. Hilo ni wazo zuri. Shida ni kwamba pesa za chama, zilizochangwa kidogo kidogo, zinaweza kuishia kwenye kitu kinachong'aa dukani halafu kinavunjika mtoni kabla mwezi haujaisha. Hapo ndipo manung'uniko huanza, na mweka hazina ndiye anayelaumiwa. Basi tufikiri kwanza. Mfano wetu ni mto Nzoia, unaotoka milima ya Cherangani mpaka Ziwa Victoria, lakini mengi yatafaa hata kwenu.

Anza na samaki, si na duka

Kambare hukaa chini, hupenda maji ya tope na hula sana usiku. Chambo chake ni nyungunyungu au matumbo ya kuku. Fwani hupenda maji yanayokwenda kwa kasi penye mawe, naye hushika nyungunyungu na hata donge la ugali. Ngege wako mahali maji yametulia. Ningu ni tofauti: chakula chake ni ule utelezi ulio juu ya mawe, kwa hivyo ni nadra kushika ndoano. Usinunue chombo kwa ajili yake.

Je, unahitaji rili kweli?

Kama mto wenu ni kijito chembamba, mwanzi mkavu wa mita 3 au 4 unatosha kabisa. Funga uzi kwenye ncha, weka boya la kipande cha ndala kuukuu, na ndoano. Pesa zilizobaki mnunulie vifaranga.

Rili ina faida pale mto ni mpana, samaki ni wakubwa, au maji yenyewe ni ya hatari. Nzoia ya chini ina mamba na viboko. Ukiwa na rili unaweza kurusha chambo mita 20 au zaidi huku umesimama mbali na ukingo. Huingii majini, na kwa hivyo unaepuka kichocho pia. Kwa mtu wa sehemu kama hizo, hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kununua rili.

Mambo matano ya kuangalia dukani

1. Fimbo. Futi 6 mpaka 7, ya vipande viwili, inatosha. Chagua ya faiba kuliko ya kaboni. Faiba ni nzito kidogo, lakini inavumilia kuangushwa na kufungwa kwenye baiskeli. Tena kaboni hupitisha umeme vizuri: ukiigusisha na waya za stima, au ukiishika wakati wa radi, unaweza kufa. Hata hivyo, fimbo yoyote iliyolowa ni hatari karibu na stima. Halafu angalia zile pete ambamo uzi hupita. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa na itakata uzi wako.

2. Rili. Chukua ile ya wazi, yenye waya unaofunguka ukitaka kurusha. Ni rahisi kujifunza, hata kwa mama ambaye hajawahi kuishika. Saizi ya 3000 inafaa kazi nyingi za mtoni. Zungusha mkono wake: je, unayumba? Unakwaruza? Halafu vuta uzi kwa mkono huku breki imekazwa kiasi. Uzi utoke polepole bila kushtuka-shtuka. Breki mbaya ndiyo inayokukatia uzi samaki mkubwa akikimbia. Muuzaji akikuhesabia gololi zilizomo ndani, mwambie asante, wewe unataka kuona breki.

3. Uzi. Hapa usibane pesa. Uzi unaokuja na rili ya bei rahisi mara nyingi ni dhaifu au umekaa sana, basi utoe uweke mwingine. Nailoni ya unene wa milimita 0.30 hubeba kilo 5 au 6 hivi, nayo inatosha fwani na kambare wa kawaida. Jaza bobini mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni. Ukijaza kidogo hairushi mbali, ukijaza kupita kiasi inafumuka. Weka uzi mbali na jua.

4. Ndoano. Namba zake ziko kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Kwa ngege chukua namba 8 au 10, kwa fwani 4 au 6. Za kambare mkubwa huandikwa 1/0 au 2/0, na hizo hukua jinsi namba inavyopanda. Nunua nyingi, maana mawe ya mto hayana huruma.

5. Kizito. Risasi inauzwa, lakini ni sumu, hasa kwa watoto. Usiibane kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula. Nati kuukuu kutoka kwa fundi wa baiskeli hufanya kazi ile ile bila gharama.

Kupima breki kwa chupa ya maji

Breki iachie uzi kabla uzi haujakatika. Kipimo kizuri ni theluthi moja ya nguvu ya uzi. Kama uzi ni wa kilo 6, breki ianze kuachia kwenye kilo 2. Jaza maji chupa ya lita 2, ifunge kwenye uzi, kisha shika rili mkononi uining'inize polepole, bila kupitisha uzi kwenye pete za fimbo. Ikishuka kwa kasi, kaza. Isiposogea kabisa hata ukiivuta kidogo kwa kidole, legeza. Ukimaliza kuvua, legeza breki kabisa, futa mchanga, na kausha rili kivulini.

Kugawa pesa

Kama pesa ni kidogo, fimbo mbili imara ni bora kuliko sita za kuvunjika. Muwe na daftari: nani amechukua, lini, amerudisha ikiwa hali gani. Kabla ya kununua, tengeni robo ya pesa kwa uzi na ndoano. Fimbo bila uzi mzuri ni kuni.

Tusimalize mbegu

Neti ya mbu ni ya kitanda. Mtoni inazoa mpaka vifaranga vya samaki, na mwaka ujao hakuna kitu. Ningu nao hupanda mto wakati wa mvua kutaga mayai. Wakizibiwa njia, hawarudi. Ndoano inakuchagulia: mdogo unamrudisha, mkubwa unaenda naye nyumbani.

Kuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kwa hivyo mtembelee afisa wa uvuvi wa kaunti yenu kabla ya kununua, awaeleze ni wapi panaruhusiwa na kama mnahitaji leseni. Mito ya trauti na sehemu za mbuga zina masharti yake. Msivue alfajiri wala jioni mahali penye viboko, na mtoto asiende peke yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mto wetu una samaki gani, na nani hapa kijijini anayejua tabia zao?
2. Mwanzi unatosha, au tunahitaji rili? Kwa nini?
3. Nani atatunza vifaa na daftari?
4. Tutafanya nini mwenzetu akionekana mtoni na neti ya mbu?