Vikao vya Wajenzi wa Hifadhidata na Nafasi ya Kiswahili: Mfano wa Haut-Katanga

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa katika kompyuta ili kila taarifa iweze kuwekwa, kutafutwa na kulinganishwa na nyingine. Mfumo wa majedwali yanayohusiana, ambao umeenea mno, ulipendekezwa na E. F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Kazi ya kujenga hifadhidata haifundishwi vyuoni peke yake. Aghalabu hufundishwa pia katika vikao visivyo rasmi, ambamo watu wa mji mmoja hukutana jioni bila ada wala cheti, mzoefu na anayeanza wakiketi pamoja. Makala haya yanaeleza manufaa ya vikao hivyo, na kwa nini lugha inayotumika humo si jambo dogo.

Desturi hiyo ina historia. Machi 1975, wapenzi wa kompyuta walianza kukutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, wakijiita Homebrew Computer Club. Katika Afrika Mashariki, iHub ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2010, iliwapa waandishi wa programu mahali pa kukutania. Utaratibu wa vikao vya namna hii ni mwepesi: mmoja hueleza tatizo alilokutana nalo kazini, wengine huuliza. Swali la anayeanza lina thamani ya pekee, kwa kuwa humlazimisha mzoefu kufafanua jambo alilozoea kulipita.

Thamani hiyo huonekana wazi katika mfano wa Mitwaba, eneo la utawala lililo kaskazini ya Lubumbashi. Miongoni mwa Waluba wa Katanga, pacha wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange. Ichukuliwe kwamba kijiji kimoja kina nyumba mbili zenye pacha. Watoto ni wanne, lakini majina ni mawili. Iwapo mjenzi wa hifadhidata ya chanjo atatumia jina kuwa kitambulisho, kompyuta itawaona watoto wawili tu. Kyungu wa nyumba ya pili atahesabiwa kuwa amekwisha kuchanjwa, ilhali bado. Dawa ya kosa hilo ni ufunguo mkuu, yaani namba isiyorudiwa anayopewa kila mtoto. Mhandisi aliyesomea mbali huenda asiukumbuke utaratibu wa majina hayo. Muuguzi asiyejua kompyuta ataukumbuka mara moja, mradi aulizwe kwa lugha anayoimudu.

Hapo ndipo suala la Kiswahili linapoingia. Katika Haut-Katanga, elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa, na amri za hifadhidata huandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili ndicho lugha ya mazungumzo ya Lubumbashi, kilichokua pamoja na migodi na makambi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Wazungumzaji wake husema batu na bintu pale Kiswahili sanifu kisemapo watu na vitu, nao wamezoea kuazima maneno ya Kifaransa. Si lazima kikao kianze kwa kuwasahihisha. Istilahi kama jedwali, safu na ufunguo zinaweza kutajwa sambamba na zile za Kifaransa, kisha zipimwe kwa kigezo kimoja: je, muuguzi ameelewa kiasi cha kuweza kupinga?

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, vikao hivi ni uwanja wa utafiti. Orodha za istilahi hutungwa mezani. Lakini istilahi hukubalika au hukataliwa pale mtu anapoihitaji ili aeleweke. Mtafiti anayeketi kimya pembeni mwa kikao atasikia neno lipi limeshika na lipi limeachwa. Aidha, atashuhudia kwamba lugha inayomwezesha asiye mtaalamu kuuliza ndiyo inayomwokoa Kyungu wa nyumba ya pili.