Kutoka Daraja Mbili hadi Guangzhou: Lipa Nauli kwa Simu Bila Kukwama

Ukipanda probox kutoka Kisii mjini kwenda Nyamira, mambo ni rahisi. Mnabanana, mnafika, unamtumia dereva nauli kwa simu. Hata mtandao ukisumbua, atakungoja kidogo.

Sasa fikiria umefika Guangzhou, China, kutafuta viatu vya kuuza soko la Daraja Mbili. Uko mbele ya lango la treni, foleni iko nyuma yako, na lango halijui Lipa na M-Pesa. Hakuna makanga wa kuongea naye. Ukikosa njia ya kulipa, utaishia kwa teksi, na kama pesa uliyobeba ni ya chama, kila shilingi ya teksi imetoka kwa mzigo.

Dawa ni moja: tayarisha simu yako ukiwa bado nyumbani.

Kabla hujaondoka Kenya

1. Weka programu ya Alipay au WeChat kwenye simu. Jisajili kwa namba yako ya Kenya na pasipoti.
2. Unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Kama huna ya benki, ziko kadi za mtandaoni zinazotoa pesa moja kwa moja kwa laini yako, kama M-Pesa GlobalPay iliyozinduliwa 2022. Ijaribu mapema. Ikikataa, bado una muda wa kupitia benki hapo Kisii.
3. Washa roaming. Namba ya siri ya kuthibitisha malipo inaweza kuja kwa SMS, na laini ikiwa imezima utakwama. Namba hiyo usimtajie mtu yeyote.

Ukifika Guangzhou

Fungua Alipay, ingia sehemu ya usafiri, chagua Guangzhou, na utapata msimbo wa QR. Skani ukiingia na uskani tena ukitoka, kwa sababu nauli hukatwa kulingana na umbali. Inaanzia yuan 2, yaani chini ya shilingi 40. Kila abiria anahitaji msimbo wake, kwa hivyo usipange kumlipia mwenzako kwa simu yako. Mizigo hupitishwa kwa mashine ya ukaguzi kabla ya lango.

Wakenya wengi huelekea Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Kutoka uwanja wa ndege, panda Njia ya 3 hadi Jiahewanggang, badilisha uingie Njia ya 2 hadi Guangzhou Railway Station, kisha Njia ya 5. Xiaobei ni kituo kimoja tu mbele. Safari yote haifiki yuan 10.

Soko la nguo la Baima liko karibu na hiyo Guangzhou Railway Station. Kama unaenda Maonyesho ya Canton, yanayofanyika kuanzia Aprili na tena kuanzia Oktoba, shuka Pazhou kwenye Njia ya 8.

Chunga makato

Kwa kadi ya kigeni, Alipay haikati ada malipo yasiyozidi yuan 200. Yakizidi hapo, unakatwa asilimia 3. Nauli na chakula, basi, lipa kwa simu bila wasiwasi. Lakini mzigo wa yuan 5,000 utakutoa yuan 150 za ada, kwa hivyo uliza benki yako njia nyingine ya kulipia mzigo mkubwa kabla ya kusafiri.

Mwisho, usisahau:

- Beba power bank. Simu ikizima, nauli nayo imezima.
- Weka yuan kidogo taslimu mfukoni.
- Hifadhi jina la hoteli yako kwa Kichina, kama picha kwenye simu na kwa karatasi.

Haya, safari njema, na urudi na mzigo mzuri!