Tuhifadhi filamu zetu kabla diski hazijaharibika

Filamu nyingi tunazotazama pamoja kambini na vijijini hapa Kivu, kisha tukazijadili, zimo katika DVD. Nyingine ni za mikutano yetu wenyewe: wazee wakisuluhisha mgogoro wa ardhi, akina mama wakitoa ushuhuda. Mara nyingi nakala ni moja tu. Vumbi na mikwaruzo huiharibu, na siku ya kukimbia ghafla huachwa nyuma.

Tunashauri kila kamati yenye kompyuta ya Linux ihifadhi diski nzima kama faili moja, ambalo jina lake huishia na .iso. Faili hilo hubeba yote yaliyomo: picha, sauti na lugha za kuchagua.

Kwanza, tufute diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Pili, tuweke programu ya ddrescue. Katika Debian na Ubuntu inapatikana kwa jina la gddrescue.

Tatu, tuingize diski, tufungue terminali na kuandika:

ddrescue -b 2048 /dev/sr0 mkutano.iso mkutano.map

Jina /dev/sr0 kwa kawaida ndilo la kifaa kinachosoma DVD. Programu husoma kwanza sehemu nzima, kisha hurudia zenye mikwaruzo. Faili la .map hukumbuka kazi ilipofikia. Umeme ukikatika, turudie amri ileile. Itaendelea pale ilipokomea.

Nne, tufungue mkutano.iso kwa VLC na kuitazama filamu mpaka mwisho.

DVD ya kawaida huchukua hadi GB 4.7, ya tabaka mbili, GB 8.5. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, basi tutumie exFAT. Nakala ziwe mbili, kwa watu wawili wanaokaa mahali tofauti.

Lakini tuwe waangalifu. Filamu za dukani zina wenyewe. Tusizinakili bila ruhusa. Na kabla ya kunakili ushuhuda, tumuulize aliyeutoa. Sura na sauti yake zikifika kwa watu wabaya, zinaweza kumletea hatari. Akikataa, tuheshimu. Akikubali, nakala ilindwe kwa neno la siri, na viongozi wajue ni nani anayeitunza.

Mapatano yaliyofikiwa kwa shida yasipotee kwa sababu ya mkwaruzo mmoja.