Siku ya Wahandisi iko mjini, sisi wa Mlabani tunaambiwa na nani?

Leo tuongelee uhandisi, hasa kwa dada zetu, maana naona wengi hatujui mlango wenyewe uko wapi.

Nchi hii digrii peke yake haitoshi. Ili ufanye kazi kama mhandisi lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997. Halafu kuna Taasisi ya Wahandisi Tanzania (IET), hicho ndicho chama chao cha kitaaluma. Toka 2003 Bodi ina mkutano wake mkubwa, Siku ya Wahandisi. Mada zinatolewa, kunakuwa na maonyesho, wanafunzi waliofanya vizuri vyuoni wanapewa zawadi, na wahandisi wanakula kiapo mbele za watu. Wahandisi wanawake nao wana kitengo chao ndani ya IET na kongamano lao.

Msidhani ni mambo ya suti na picha tu. Pale ndipo mwanafunzi anakutana uso kwa uso na mtu wa kampuni, anauliza nafasi ya mazoezi. Huko huko 2003 Bodi ilianzisha mpango unaoitwa SEAP: mhitimu anawekwa kazini miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu, ndipo aombe usajili kamili. Wanawake walikuwa wachache mno, ikabidi Norway isaidie kugharamia wahitimu wa kike. Yaani wakubwa wakiamua, inawezekana.

Sasa tatizo langu ni hili. Yote hayo yanamkuta mtu akiwa tayari chuoni! Binti wa huku anapotea mapema zaidi. Akifika kidato cha tatu anaacha fizikia, kisa kaambiwa ngumu, za wavulana. Siku hiyo hiyo uhandisi umekwisha, PCM hana, na yeye mwenyewe hajui kama kuna kitu kimekwisha. Mwaka 2010 au leo, msaada wa Norway haumfikii huyo.

Na si kwamba huku hakuna uhandisi jamani. Kidatu wanazalisha umeme megawati 204, Kihansi 180, reli ya TAZARA inapita hapa hapa. Na daraja letu la mita 384, lililozinduliwa 2018, wakati Januari 2016 kivuko kilizama mto ule ule. Ingekuwa mimi ndiye IET, ningeleta mhandisi mwanamke mmoja tu, asimame pale darajani na kidato cha pili wote, awaeleze nguzo zile zimekaaje kwenye tope na maji ya masika. Gharama yake ni ndogo kuliko kukodi ukumbi Dar au Dodoma.

Kingine ambacho hakisemwi: si lazima upite kidato cha sita. Ukiwa na ufaulu wa kidato cha nne kwenye hesabu, fizikia na kemia unaweza kuomba stashahada ya uhandisi, DIT Dar, Chuo cha Ufundi Arusha au MUST Mbeya. Ya Mbeya unapanda treni hapa hapa Ifakara.

Wazazi mlio na binti kidato cha pili, muulizeni leo leo kama fizikia anaendelea nayo au anaitosa.